Kumzika Sajini, Kasikeu

Abiria wengi wa barabara ya Mombasa hupita Sultan Hamud bila kuiona. Malori yameegeshwa pande zote mbili, nyama inachomwa, vijana wanakimbilia madirisha ya mabasi na machungwa na maji ya chupa, gari linavuta tena na mji umebaki nyuma. Jina lenyewe ni la mgeni. Hamud bin Mohammed, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, alifika huku kutazama reli ikijengwa kutoka pwani, na stesheni ikabaki na jina lake. Sisi tulishuka hapo kwa sababu tulikuwa tunakwenda Kasikeu, na basi la Mombasa halina haja na Kasikeu.

Tulikuwa tunakwenda kuzika. Marehemu alikuwa babu wa mwenzangu wa kazini, sajini mstaafu wa jeshi la Kenya, aliyefariki akiwa na miaka themanini na kitu. Mwenzangu ndiye aliyepangiwa kusoma wasifu, na kwa kuwa wageni wangetoka pembe nyingi, wazee wa jeshini wakiwemo, familia iliamua usomwe kwa Kiswahili. Akaniomba nifuatane naye nimnyooshee lugha. Nitamwita marehemu Sajini tu, kama kijiji kizima kilivyomwita. Nadhani watoto wa hapo hawakujua ana jina lingine.

Ilikuwa Agosti. Ukambani mwezi huu ni wa vumbi, baridi ya asubuhi na mbaazi. Bodaboda zetu zilipita katikati ya mashamba ambayo mahindi yake yalikuwa yamekauka zamani, mabua yamelishwa ng'ombe, lakini mbaazi zilikuwa zimesimama, maganda yamekomaa, wanawake wanakata matawi na kuyalaza juani. Mto tuliouvuka ulikuwa mchanga mtupu. Aliyenibeba alinionyesha kidole pale watu walipochimba kisima katikati ya mkondo, na punda wawili wakisubiri mitungi. Kasikeu ni wadi ya eneo bunge la Kilome, Kaunti ya Makueni, na ardhi yake haina uamuzi mmoja: kuna tambarare kavu inayoelekea reli, na kuna miinuko inayopanda kuelekea Kilungu na Mukaa. Kwenye miinuko hiyo kila shamba limekatwa matuta, moja juu ya jingine, hadi macho yanachoka kuhesabu. Nilidhani ni mandhari tu. Kufikia kesho yake asubuhi nilikuwa nimeelezwa nani alichimba lipi.

Bomani tulikuta mahema mawili, viti vya plastiki vya kukodi, masufuria makubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, mekoni, na kamati. Wakenya hatuziki bila kamati. Kuna mweka hazina wa mchango, kuna wa usafiri wa mwili, kuna wa chakula, na kuna katibu aliyeshika programu zilizokwisha kuchapishwa, kurasa za rangi zenye picha ya marehemu akiwa na kofia ya jeshi. Jioni hiyo mtu mmoja alikumbusha mazishi ya Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyekufa katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024 akazikwa kwao Siaya siku tatu baadaye, bila jeneza, kama alivyokuwa ameagiza. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha wakarudi kujadili bei ya jeneza.

Nilisoma programu chini ya taa ya sola. Wasifu ulikuwa na sehemu tano, kama kawaida: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, ugonjwa. Kazi ilikuwa ukurasa mzima na nusu. Alijiunga na King's African Rifles mwanzoni mwa miaka ya sitini, mafunzo Lanet. Desemba 1963 bendera ilipobadilika, jeshi likabadilika jina na kuwa Kenya Rifles, naye akabadilishiwa beji tu, viatu vikabaki vile vile. Akatumwa kaskazini katika vita vya Shifta, dhidi ya waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya. Akapanda cheo mara mbili. Akastaafu kwa heshima. Sehemu ya ndoa ilikuwa mstari mmoja: alioa mwaka 1964, wakajaliwa watoto saba. Chini ya picha waliandika kwamba alikuwa mume mwema na baba aliyeishi kwa ajili ya familia yake.

Mwenzangu aliusoma mstari ule mara kadhaa. Akauliza, bila kumlenga mtu: "Miaka yote hiyo alikuwa Wajir na Nanyuki. Familia aliishi nayo lini?"

Swali hilo lilituondoa hemani likatupeleka nyumbani kwa bibi yake.

Kabla sijamfikia, niseme kidogo kuhusu jeshi na Wakamba, maana mgeni huletewa hadithi moja tu na si ya kweli. Maofisa wa Kiingereza walipenda kuandika kwamba Mkamba amezaliwa askari. Ni upuuzi wa kikoloni, na wao wenyewe walikuwa na ushahidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia vijana wa Ukambani walikimbia vichakani kukwepa kuandikishwa, kwa kuwa walijua wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps ya jeshi, wanavyokufa kwa kuhara na njaa katika misitu ya Tanganyika. Kilichowageuza kuwa watu wa bunduki ni ukame wa miaka ya thelathini, ardhi iliyomomonyoka, kodi ya kichwa, na mshahara. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwanyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha kuokoa malisho, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu, wanaume kwa wanawake, wakatembea hadi Nairobi na kupiga kambi kwa majuma wakidai kumwona Gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali ililegeza kamba na kuacha kunyang'anya ng'ombe. Sababu mojawapo ni kwamba vita vilikuwa vinanukia na Waingereza hawakutaka kuugombanisha ufalme na watu waliowapa askari.

Wakawapa kweli. Wakamba walikwenda Burma na kurudi, na waliendelea kujaza safu za KAR kupita uwiano wao katika nchi. Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la Kenya, Joseph Ndolo, alikuwa Mkamba. Jackson Mulinge, wa Kathiani, alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1978 hadi 1986. Hao historia inawataja. Sajini wa Kasikeu ana sanduku la bati.

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha Nyanya. Mwenzangu humwita Susu, kama Wakamba wamwitavyo bibi. Mimi nilimwita Nyanya, naye akaniita mwanangu kabla sijakaa. Alikuwa amekaa juu ya godoro sakafuni na wanawake wenzake wa kanisa, miguu ameinyoosha, leso imefunika magoti. Tulitaraji machozi. Alikuwa akibishana na jirani yake kama mbaazi za tuta la chini zingevunwa kabla au baada ya mazishi.

"Lifungueni," alisema. "Hamna siri. Siri zake alizimaliza kwa mwalimu."

Ndani mlikuwa na cheti cha kuondoka jeshini, medali mbili zilizoshonewa kitambaa kilichochakaa, picha za vijana wamesimama mbele ya lori, stakabadhi za karo zilizofungwa kwa uzi, na barua. Barua ndizo zilizotukalisha hadi usiku wa manane. Nyanya hakujua kusoma miaka ile. Kila barua ilisomwa na mwalimu wa shule ya msingi, na Sajini alijua kwamba mwalimu ndiye atakayesoma. Basi aliandika kama mtu anayeandika huku jirani anachungulia begani. Hamna neno la mapenzi hata moja. Mna ng'ombe: je, yule mweusi amezaa? Mna mtoto wa pili: je, kikohozi kimepoa? Mna mitaro: tuta la tatu lichimbwe kabla ya mvua za Novemba, udongo utupwe upande wa juu, usimwache shemeji akachimba kwa kukisia, apime kwa kamba.

Barua moja ni ya kaskazini, mwaka 1966. Huo ndio wakati mabomu ya kutegwa ardhini yalikuwa yamewatia hofu askari wote walioendesha magari katika barabara za huko. Kenya ilikuwa imetangaza hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki tangu Desemba 1963, na vita havikutulia hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Na wananchi wa Kisomali na Waborana wa kaskazini waliumia kuliko yeyote, mifugo yao ikaangamizwa, wakafungiwa katika vijiji vya lazima. Wasifu wa askari wetu hausemi hivyo, na unapaswa. Barua ya Sajini haisemi lolote kuhusu bomu wala kijiji. Inauliza kama paa la jikoni linavuja.

"Mimi nilijua," Nyanya alisema. "Akiuliza mambo mengi ya nyumbani, huko ni kubaya. Akiuliza machache, amekaa vizuri."

Nilimwuliza pesa zilifikaje. Kwa moni oda, posta ya Sultan Hamud. Alikwenda kwa miguu, alfajiri, mtoto mgongoni. Na hapo kuna jambo ambalo vijana wa kutuma pesa kwa simu hawalijui: mwanamke wa Kenya hakupewa kitambulisho cha taifa hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Kabla ya hapo, mke wa askari hakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Nyanya alihitaji barua ya naibu wa chifu, au mwanamume wa kumtambulisha dirishani. Siku ambazo naibu wa chifu alikuwa amekwenda kwingine, alirudi Kasikeu mikono mitupu na kuanza tena kesho yake. Shemeji aliyekubali kumsindikiza alitaka kitu chake kidogo. Nyanya alilisimulia hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeeleza bei ya chumvi.

Asubuhi, kabla ya ibada, alitutoa nje akatupeleka shambani. Anatembea kwa mkongojo lakini kwenye mteremko alitutangulia. Tuta la kwanza, la juu, Sajini alilichimba mwenyewe akiwa likizoni, mwaka waliooana. Ni fupi na limepinda katikati. Mengine yote, hadi bondeni, ni ya mwethya.

Mwethya ni kazi ya pamoja ya Ukambani, na katika miaka ile ilikuwa mikononi mwa wanawake kwa sababu ya wazi: wanaume walikuwa jeshini, polisi, relini, Mombasa. Wanachimba mtaro kwa kufuata usawa wa mwinuko, udongo wanaurusha upande wa juu ujenge kingo, nyasi zinapandwa kwenye kingo zishike, na miaka inavyopita mvua yenyewe inasawazisha shamba nyuma yake. Ni fanya juu, na wataalamu wa udongo duniani kote wanaiita hivyo hivyo kwa Kiswahili. Wakoloni walikuwa wamewalazimisha watu kuchimba matuta baada ya Vita vya Pili, kwa amri na faini, na watu wakayachukia. Uhuru ulipokuja wengi waliyaacha yakabomoka. Walioyarudia miaka ya sabini waliyarudia kwa hiari, kikundi kwa kikundi, leo kwako kesho kwangu. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapa kitabu kilichoonyesha kwamba Machakos ya zamani, wilaya iliyokuwa na Makueni ndani yake, ilikuwa imeongezeka watu mara kadhaa tangu miaka ya thelathini na bado ardhi yake ikawa nzuri kuliko mwanzo. Wazungu wa miaka ya thelathini walikuwa wametabiri jangwa.

Nyanya alisimama kwenye tuta la nne, akachomoa ganda la mbaazi, akalipasua kwa ukucha wa kidole gumba na kutuwekea punje viganjani. Mbichi zina utamu wa majani.

"Hili lilitulisha mwaka wa nikw'a ngwete," alisema.

Wakamba huzipa njaa zao majina. Ile ya 1961 waliiita ya ndeke, kwa sababu chakula kilidondoshwa na ndege. Ile ya 1984 waliiita nikw'a ngwete, nafa huku nimeshika. Walishika pesa, madukani hamna mahindi. Sajini alikuwa amekwisha kustaafu, ana kiinua mgongo benki, ana pensheni kila mwezi, na hakuna cha kununua Sultan Hamud wala Emali. Mtu aliyetuma pesa miaka yote ile alijikuta nyumbani na pesa mfukoni, akila mbaazi za tuta alilolichimba mke wake. Nilimwuliza Nyanya kama mzee aliwahi kulisema hilo.

"Hakusema. Alianza kuchimba."

Akachimba hadi magoti yalipokataa. Nyanya anamsifu bila kumpamba. Hakuwa mlevi. Hakuoa mke wa pili huko alikokuwa, ingawa wenzake wengi walioa. Karo ya watoto saba ililipwa, wasichana wanne wakisoma sawa na wavulana. Aliporudi alikuwa mgeni kwa wanawe. Mtoto wa mwisho alimwita "Afande" mwaka mzima, na alimwacha amwite hivyo kwa sababu hakujua jinsi ya kumkataza bila kuamrisha. Kumbe alijifunza kuwa baba akiwa na miaka arobaini na zaidi, na wajukuu ndio waliofaidi. Mwenzangu anakumbuka babu aliyemsuka nywele kabla ya shule, vibaya, kwa uangalifu mkubwa.

Kwa hiyo, je, alikuwa mtu wa familia? Nasema alikuwa. Lakini ukiandika hivyo ukanyamaza, umemdhulumu mtu mwingine aliye hai na anayesikia.

Katibu wa kamati hakufurahi. Programu zimechapishwa, alisema, na hela imekwisha. Mwenzangu akamwambia programu zibaki. Yeye atasoma anachokisoma. Tukaandika aya mbili nyuma ya karatasi ya orodha ya michango: posta, barua ya naibu wa chifu, mwethya, tuta la nne, 1984.

Wazee wa jeshi walifika saa tano, wanachama wa chama cha askari wastaafu ambacho wengi bado wanakiita KAFOCA, japo jina limebadilika. Hapakuwa na mizinga. Sajini mstaafu hapigiwi mizinga. Walikuwa na suti zenye mikunjo ya sanduku, bereti, na medali. Walijipanga mstari mmoja, mmoja wao akiegemea bega la mwenziwe, wakapiga saluti. Ilichukua muda mfupi kuliko hotuba ya mwanasiasa yeyote kati ya waliotuhutubia siku hiyo, nami nisingeikata hata sekunde.

Wasifu ulipofika sehemu ya ndoa, mwenzangu akaiweka programu kando na kusoma karatasi yetu. Kulikuwa na minong'ono upande wa kamati. Kisha kundi la akina mama wa mwethya, waliokaa pamoja na leso za aina moja, wakaanza kuitikia kila jambo, kama kanisani. Mzee mmoja mwenye bereti alitoa kitambaa akafuta miwani. Alipomaliza, Nyanya alisema kutoka kitini pake, kwa sauti iliyofika hema la pili: "Umesahau mbuzi." Watu wakacheka kaburi likiwa wazi. Baadaye nilielezwa kwamba karo ya kidato cha kwanza ya mtoto wa tatu ililipwa na mbuzi sita, wa kwake, mwezi ambao moni oda haikufika.

Ukitaka kujua thamani ya karatasi zilizo chini ya vitanda, tazama yanayoendelea juu ya wale waliotangulia. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri Aprili 2021 kwamba zaidi ya watu laki moja waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao Waafrika, na huenda ni hadi 350,000, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Nairobi Novemba 2023 aliwakabidhi wazee wachache wa Vita vya Pili medali mpya badala ya zile walizopoteza. Wenzao wengi walikuwa wamezikwa bila mtu kuandika hata nambari ya jeshi. Na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza na ufundi wa kuchonga alioupata kwa Wazaramo, akauanzisha nyumbani hadi ukalisha maelfu ya familia za Ukambani, anakumbukwa kwa sababu wachongaji waliendelea kulitaja jina lake, si kwa sababu jeshi lililiweka.

Kwa hiyo msomaji, kama kwenu kuna mzee aliyetumikia jeshi, tafuta nambari yake ya jeshi, kikosi na miaka, uvinakili mahali pawili, kwani huenda mjane akaulizwa hivyo akifuatilia pensheni. Kisha keti na mama. Mwulize pesa zilifikaje, nani alichimba, nini kiliuzwa mwezi ambao hazikufika. Uliza akiwa hai, na uulize kabla kamati haijapeleka wasifu kwa mchapishaji.